Kupanda Mlima Ngaliema: mlima wenye kubadilisha majina

Sisi tunaoandika kurasa hizi ni watu wa Kisangani. Wazee wetu walizaliwa Stanleyville, sisi tukazaliwa Kisangani, na mji ni ule ule, mto ni ule ule, na mitego ya Wagenia kwenye maporomoko ni ile ile. Tangu utoto tulisikia kwamba kule Kinshasa kuko mlima ambapo Muzungu Stanley alisimama katika shaba, mkono umeinuliwa, akitazama mto sawa vile mwenye shamba anatazama shamba lake. Tulisikia tena kwamba Mobutu alimwangusha. Basi mu mwaka wa 2013, tukiwa watu watano wa chama chetu cha utamaduni, tulipata nafasi ya kushuka Kinshasa kwa mambo mengine, na tukafanya kitu ambacho Wakongomani wengi hawakifanyi katika inchi yao wenyewe: tukapanda mlima ule kama watalii.

Lakini hatukwenda kutazama tu. Mbele ya safari kulikuwa mabishano makali kati yetu. Kijana mmoja wa chama alisema hivi: «Watalii wakifika Wagenia, neno la kwanza wanauliza ni Stanley alipita wapi. Tuweke sanamu yake pale, hata ya simenti tu. Watalipa falanga kidogo juu ya kupiga foto, na vijana watapata kazi.» Wengi waliitikia kwa kichwa, maana njaa haina historia. Ndipo mama mmoja, mkubwa kwetu wote, akamjibu bila kupandisha sauti: «Mutoto wangu, mutu alikuya kupima ukubwa wa nyumba yako ili amupe mwingine. Leo weye unataka umutundike ku ukuta wa salon?» Barza ikanyamaza. Mwishowe tukakubaliana: hebu twende kwanza tuone wenzetu wa Kinshasa walifanya nini na Stanley wao, kiisha turudi tuamue.

Tulivyopanda

Kutoka Kisangani hadi Kinshasa mto ni wa kilometa 1734 hivi, na masua zinapita safari yote bila kukutana na maporomoko. Hilo msomaji alishike vizuri, kwa sababu ndilo linaeleza kila kitu. Kwetu juu, maporomoko yanaisha na mto unakuwa barabara. Kule chini, kwenye Pool Malebo, barabara ya maji inaisha na maporomoko mengine yanaanza, hadi karibu na Matadi. Kisangani na Kinshasa ni sawa milango miwili ya nyumba moja ndefu. Mwenye kushika milango yote miwili ameshika nyumba. Stanley alielewa hivyo, na ndiyo maana mlango mmoja ukapata jina lake, na ule mwingine ukapata jina la mfalme aliyekuwa anamlipa.

Tulitokea upande wa Kintambo. Mtu wa Goma aliyezoea Nyiragongo, ama mtu wa Beni anayeona Rwenzori asubuhi mawingu yakifunguka, angecheka kusikia hii inaitwa mlima. Ni kilima, na watu wa Kinshasa wanakiita Mont kwa heshima. Kuko miti mikubwa, kivuli kizuri, na baridi kidogo ambayo huipati mjini chini. Muzee mmoja mwenye kutuongoza alituuliza kwa Lingala sisi ni watu wa wapi. Tulipojibu Kisangani, uso wake ukafunguka: «Ah, Boyoma!» Akaanza kuchanganya Lingala na maneno machache ya Kiswahili aliyoyajua, sawa mtu anayetafuta kiti kizuri cha kukaribishia wageni. Tulimwita papa, naye akatuita bandeko.

Papa akatupeleka kwanza mahali pa kuona mto. Hapo tulinyamaza wote watano. Chini yako maji mapana yanakuja polepole kutoka Pool, kiisha yanaanza kupasuka juu ya mawe na kupiga kelele. Ng'ambo ni Brazzaville, karibu sana, unaona nyumba zake. Miji mikuu miwili inatazamana namna hii, na kati yake ni mto tu. Mama yetu akasema: «Sasa naelewa. Mwenye kukaa hapa anahesabu kila mutumbwi.»

Majina ya mlima

Jina la zamani la kilima hiki lililobaki katika maandiko ni Khonzo Ikulu. Mabwana wa udongo walikuwa Wahumbu, na pembeni ya maji walikaa Wateke, wafanyabiashara. Mbele ya Wazungu kufika, hapa palikuwa soko kubwa. Wabobangi walishusha pembe za ndovu kwa mitumbwi kutoka mto wa juu, Wateke wakazipokea na kuziuza, na misafara ya Wakongo na Wazombo ikazipeleka kwa miguu hadi pwani ya Atlantiki. Kila pembe ilipita mikononi mwa mtu wa kati. Katika watu hao wa kati wa Kintambo, mkubwa alikuwa Ngaliema.

Ngaliema hakuzaliwa mfalme. Habari zilizoandikwa zinasema aliinuka kutoka utumwa, akajipatia pembe, bunduki na watu, mpaka akawa mwenye sauti kuliko wengi waliozaliwa wakubwa. Machifu wengine wa hapo walimwona kama mgeni kwenye udongo wa wenyewe. Tunaliandika hili wazi juu ya wasomaji wetu wengi wanafikiri mlima ulipewa jina la mfalme wa kale. Hapana. Ulipewa jina la mchuuzi mwenye akili.

Stanley alimkuta mara ya kwanza mu Machi 1877. Alikuwa anatoka kwetu. Mu Januari mwaka ule alikuwa amepita maporomoko yetu ya Boyoma, akivuta mitumbwi kwenye nchi kavu na kupigana na watu wa kandokando. Alipofika kwenye Pool, Ngaliema, ambaye wakati huo Stanley aliandika jina lake Itsi, alifanya naye undugu wa damu. Stanley akapita zake, akafika Boma mu Agosti. Wazungu watatu aliokuwa nao kutoka Zanzibar walikuwa wamekufa wote, na watu weusi wa msafara wengi sana pia. Majina ya wale watatu yamo katika vitabu vyote. Ya hao wengine, tafuta.

Aliporudi mu 1881, sasa akimtumikia Leopold II, alikuta mambo yamebadilika. Brazza, aliyetumwa na Wafaransa, alikuwa amefanya mkataba na Makoko wa Wateke mwaka mmoja nyuma, na alikuwa ameacha sajini mmoja Msenegali, Malamine, kulinda bendera na askari wachache tu. Wazungu wawili walikuwa wanashindania mlango mmoja. Ngaliema alikuwa katikati, na alijua thamani ya mahali aliposimama. Alipokea zawadi nyingi kutoka kwa Stanley: punda wawili, kioo kikubwa, koti lenye nyuzi za dhahabu, na vitambaa. Alipokwisha kupokea, akakataza Stanley kujenga.

Hapa ndipo inakuja hadithi ya kengele, na papa alitusimulia akisimama na kuinama, mikono ikicheza. Mwisho wa mwaka 1881 Ngaliema alikuja na watu wake wenye bunduki kumfukuza Stanley. Stanley alikuwa ameficha watu wake kila pahali, porini, ndani ya vibanda, chini ya mikeka. Mbele ya hema lake alikuwa ametundika sahani kubwa ya shaba, ile inayolia ikipigwa. Ngaliema akaiuliza ni nini. Stanley akasema ni dawa kali, ikilia wataamka askari wengi kutoka chini ya ardhi. Ngaliema hakusadiki, akalazimisha ipigwe. Ikapigwa. Watu wakatoka pande zote wakipiga makelele, wapiganaji wa Ngaliema wakatawanyika, naye mwenyewe akashika nguo ya Stanley ajifiche nyuma yake.

Tulicheka, kwa sababu papa anajua kusimulia. Kiisha, tukiwa tumekaa chini ya mti, tukaanza kuulizana: hii hadithi aliileta nani? Aliiandika Stanley mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1885, kitabu cha kumfurahisha Leopold na kuuzwa Ulaya. Ngaliema hakuandika kitu. Wazee wetu wanasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Labda kengele ililia kweli. Lakini tazama hesabu ya Ngaliema. Kama Muzungu akijenga hapa, atanunua pembe moja kwa moja kwa Wabobangi, na mtu wa kati atakufa njaa. Kukataa kwake hakukuwa ujinga wa mtu wa kuogopa kengele. Ilikuwa hesabu ya mfanyabiashara, na mambo yaliyofuata yalionyesha kwamba alihesabu vizuri. Stanley alijenga. Kituo kikaitwa Léopoldville. Mbele ya karne kwisha, watu wa Kintambo, wakichoshwa na Leta mpya na askari wake, walivuka mto wakahamia upande wa Wafaransa. Mji uliobaki nyuma yao ukapewa reli mu 1898, na mu 1923 ukachaguliwa kuwa makao makuu ya Kongo ya Wabelgiji.

Waswahili wenzetu chini ya mlima

Kitu kilichotushtua zaidi hakikuwa Stanley. Ilikuwa lugha yetu.

Sisi wa mashariki, tukifika Kinshasa, tunaitwa Baswahili, na wakati mwingine neno hilo linasemwa sawa vile mtu anasema mgeni. Kumbe Kiswahili kilisikiwa kwenye kilima hiki siku ile ile kituo kilipoanza. Watu karibu 70 ambao Stanley aliwaandika kazi Zanzibar mu 1879 ndio waliofanya njia, wakabeba mashua vipande vipande kando ya maporomoko, wakakata miti na kujenga nyumba ya kwanza. Kiongozi wao alikuwa Abdullah Susi. Wasomaji waliosoma historia watamkumbuka: ndiye, pamoja na Chuma na wenzao, aliyebeba maiti ya Livingstone kutoka Chitambo hadi pwani, Bagamoyo, kati ya 1873 na 1874. Miaka michache nyuma ya kazi ile, huyu Susi alikuwa hapa, kwenye Pool, akiongea na wakubwa wa Kintambo kwa niaba ya Stanley. Alirudi Zanzibar, akafa huko mu 1891.

Papa alishangaa tulipomweleza. Alimjua Stanley, alimjua Leopold, Susi hakumjua. Nasi hatukumlaumu, maana hata kati yetu watano, wawili walikuwa wanalisikia jina hilo mara ya kwanza.

Lakini tusijipake mafuta. Mama yetu, ambaye babu yake alikuwa Mugenia, alitukumbusha upande mwingine. Kiswahili kilifika Boyoma pia pamoja na bunduki za watu wa pembe na watumwa. Tippu Tip alisindikiza Stanley mu 1876 kutoka upande wa Nyangwe. Mu 1887 Stanley huyo huyo akamletea karatasi ya kuwa liwali wa Stanley Falls kwa jina la Leopold. Vijiji vilivyochomwa mbele na nyuma ya hapo vilikuwa vya watu wetu. Ndiyo maana lugha yetu ilipewa jina Kingwana, lugha ya waungwana, na tukilitaja jina hilo tujue wako wazee ambao waungwana kwao walikuwa ni moto usiku. Tukitaka kumkumbuka Susi na wenzake, tuwakumbuke kama watu: wabebaji waliochoka, waliokufa mbali na kwao, na ambao kazi yao ilifungua mlango kwa mabaya ambayo hawakuyapanga.

Sanamu kwenye nyasi

Mu miaka ya hamsini, Leta ya Wabelgiji iliona Léopoldville imekua, na ikataka kumpa Stanley pahali pa juu. Sanamu yake, kazi ya fundi Arthur Dupagne, ilisimamishwa juu ya kilima mu 1956. Angalia mwaka: miaka minne tu mbele ya uhuru. Waliomsimamisha walidhani atasimama miaka mia.

Uhuru ulipofika mu 1960, Stanley alibaki pale akitazama mto. Mu 1966 majina ya miji yakabadilishwa: Léopoldville ikawa Kinshasa, Elisabethville ikawa Lubumbashi, Stanleyville yetu ikawa Kisangani. Mu 1967 Leopold II, aliyekuwa juu ya farasi tangu 1928, alishushwa. Mu 1971, wakati wa Authenticité, ikawa zamu ya Stanley. Mwaka ule ule inchi ikaitwa Zaire. Stanley Pool ikawa Pool Malebo. Na jina la Ngaliema likapanda: likashika kilima, kliniki, na komini nzima. Hata Rwenzori, ule mlima ambao Wazungu waliuita Stanley, wenye kilele Margherita cha metre 5109, ukapewa jina la Ngaliema. Mchuuzi wa Kintambo akawa mwenye teluji, kitu ambacho hakukiona maisha yake yote.

Tulipouliza Stanley yuko wapi, papa akatupeleka kwenye bustani. Miaka mingi alikuwa amelazwa kifudifudi juu ya mabaki ya chombo cha zamani cha chuma, miguu imevunjika, majani yakimfunika. Mu 2010 walimpanga upya pamoja na Leopold wa farasi na mfalme Albert I. Sasa wako chini ya miti, bila watu wengi. Tuliwazunguka. Kijana wetu wa sanamu ya simenti alimtazama Stanley muda mrefu, kiisha akasema: «Kumbe ni shaba tu.» Hatukujua kama amefurahi ama amesikitika.

Papa alituambia mambo mengine. Mu Februari 2005 waliwahi kumrudisha Leopold mjini, kwenye Bulevari ya 30 Juin, kwa kusema kwamba historia isifichwe. Watu wakalalamika, na hakumaliza hata siku mbili: akaondolewa kesho yake. Tulicheka tena, lakini swali lilibaki. Waliomrudisha walikuwa na hoja, kwamba watoto wasiosoma mabaya watayarudia. Waliomwondoa walikuwa na hoja pia, kwamba kumpandisha mtu juu ya farasi katikati ya mji si kumfundisha mtoto, ni kumsalimisha mtoto.

Kuko tena jambo ambalo wengine hulipita haraka. Aliyemshusha Stanley kwenye mlima huu alikaa juu yake yeye mwenyewe. Mobutu alikuwa na nyumba yake hapa, na bustani ya prezida, na tiyatro ya wazi ambapo watu walimwimbia na kumchezea. Mu Mei 1997, yeye akiisha kukimbia, nyumba ikaporwa. Tulijiuliza kama mlima ulibadilisha mwenyewe kweli, ama ulibadilisha tu mtu wa kutazamwa kutoka chini. Jina la Ngaliema lilikuwa limeandikwa kila pahali, lakini hatukuona hata ubao mmoja wa kueleza Ngaliema alikuwa nani. Walibadilisha jina bila kuleta hadithi. Jina bila hadithi ni sawa kaburi bila mtu.

Kitu kizuri kimoja lazima tukiseme. Mu 1970, Leta iliunda Chuo cha Makumbusho ya Taifa, na kazi yake ikawekwa hapa hapa mlimani. Watafiti wakazunguka vijiji vya inchi nzima, wakakusanya vinyago, ngoma, viti vya wakubwa, nguo za raffia, na sauti za nyimbo. Hazina hiyo ilihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Mu 2019 jumba jipya, lililojengwa kwa msaada wa Korea ya Kusini, lilifunguliwa chini mjini, karibu na Palais du Peuple. Na mu Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alileta pale kinyago Kakungu cha Wasuku, akisema ni mkopo usio na mwisho. Tulipopata habari hizo Kisangani, mama yetu akauliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: «Mwenye kitu anakopeshwaje kitu chake?»

Ng'ambo ya mto

Mbele ya kushuka, papa alituonyesha tena Brazzaville. Kule walifanya kinyume. Mu Oktoba 2006, mifupa ya Brazza ilitolewa Alger, akapelekwa na watu wa nyumba yake, wakawekwa katika jumba jipya la marmo katikati ya mji unaobeba jina lake. Wako waliofurahi, kwamba Brazza alikuwa mpole kuliko Stanley, na kwamba mwisho wa maisha yake, mu 1905, alichunguza mabaya ya makampuni ya Wazungu na kuyaandika. Wako waliokasirika, wakiuliza marmo yote hiyo ni ya nani wakati hospitali hazina dawa.

Basi tuko na mifano miwili inayotazamana juu ya maji. Upande mmoja waliangusha, upande mwingine walijenga. Tulikaa pale tukipima. Kile tulichokiona ni kwamba pande zote mbili zinabishana juu ya Wazungu wawili, huku Makoko anatajwa katika kipande cha mwisho cha hotuba, Ngaliema amebaki jina la komini, na Malamine na Susi wamesahauliwa karibu kabisa. Tunabishana juu ya mgeni, na wenyewe wamekaa nje.

Tulivyoamua

Tuliporudi Kisangani tukakaa tena barzani. Kijana wetu aliongea wa kwanza, na tunamshukuru kwa ukweli wake. Alisema: «Sanamu nimeacha. Lakini neno la kazi sijaliacha. Watalii wanakuya, wanauliza, na sisi hatuna kitu cha kuwajibu.»

Alikuwa na haki. Kwa hiyo hatukukubaliana juu ya sanamu, tulikubaliana juu ya majibu. Kwanza, vijana wanaosindikiza wageni kwenye maporomoko wakae na wazee wa Wagenia, wajifunze namna mitego inajengwa, jamaa gani wenye sehemu gani ya mawe, na hadithi za siku Stanley alipopita kama zilivyosimuliwa na watu wa upande wa mto. Stanley atajwe, maana alipita. Lakini atajwe kama mpita njia. Pili, tuandike hadithi hizo mbele ya wazee kwisha, pamoja na zile zenye uchungu za waungwana, bila kupaka rangi. Tatu, mgeni akilipa falanga, alipe juu ya kusikia na kuonyeshwa kazi ya mikono, asilipe juu ya foto na mtu wa shaba.

Mpaka leo hatujamaliza. Wazee wawili walituaga mbele ya kuwaandika, na hilo linatuuma. Tunawaomba ninyi wasomaji, popote mlipo, Kindu, Bukavu, Kalemie ama Lubumbashi: kila mji wetu una kilima chake, jiwe lake, ama mti wake ambao umebadilisha jina mara mbili, mara tatu. Mkipita pale, pandeni kama watalii, hata kama mlizaliwa chini yake. Mkifika juu, ulizeni mambo mawili. Jina hili ni la nani? Na nani alibeba mizigo ya mwenye jina hili mpaka hapa?

Mkipata jibu, andikeni. Daftari moja ya shule inatosha kuanza.